Nyumba Iliyokuwa ya Mama Wanjiru

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Goti lako laendeleaje? Na jiko, mvua hizi halikuvuja? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila kichwa changu kimevurugika na sina wa kumweleza ila wewe.

Tumehama Mutuini. Kuta za kile chumba zilitoa maji hata jua likiwaka, na kifua cha mjukuu wako Salim kikawa hakitulii. Nikaomba nyumba ya kaunti. Nilikwisha kata tamaa, ndipo wakanipigia simu niko dukani: kuna nyumba tupu karibu na Hurlingham, imekarabatiwa, njoo uchukue ufunguo. Mama, nilimwacha mteja na buibui alilokuwa akijaribu kichwani!

Nyumba nzuri. Madirisha mapana, choo ndani, maji bombani. Siku ile ile jirani, Mama Otieno, akaja na chupa ya chai. Akasimama mlangoni, haingii.

"Mama Wanjiru ako wapi?"

"Mama Wanjiru gani?"

"Mwenye hii nyumba. Amelea watoto wote hapa. Walimtoa wakisema nyumba haijafika viwango, mtu hawezi ishi ndani. Wakamwambia wakimaliza kutengeneza, atarudi."

Usingizi ukanihama. Asubuhi nikaenda ofisi ya nyumba. Afisa alinisikiliza kwa upole, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Angekuwa mkali ningejua wa kumlaumu.

"Nyumba ikikaa tupu, tunapangisha upya," akasema.

"Lakini ilikaa tupu kwa sababu mlimtoa."

"Ndiyo. Ilikuwa haifai."

"Nikirudisha ufunguo, atapewa yeye?"

"Hapana. Atapewa anayefuata."

Nikatoka nisijue nimesaidiwa au nimetumiwa kumdhulumu mtu.

Jumapili nikasikia hodi. Mwanamke mtu mzima, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. Nilimjua kabla hajasema jina. Alisimama nje akingoja ruhusa yangu. Sikujua nani kati yetu wa kumkaribisha mwenzake.

Alipoingia, alipapasa ukuta. "Kumbe wametengeneza kweli," akasema. "Nilifikiri wananidanganya tu nitoke."

Siku hizi analala sebuleni kwa binti yake. Nikamwambia nitahama. Akamtazama Salim aliyelala kwenye mkeka.

"Utahamia wapi na huyu? Wewe kaa."

Basi nikamwambia twende wote ofisini, Mama.

Jana nimefuatana naye ofisini. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Wamemwandikisha upya, mwisho wa foleni, kama mtu aliyeshuka basi jana. Afisa alimuuliza anaishi wapi kwa sasa. Mama Wanjiru alinitazama mimi kwanza, kisha akataja mtaa wa binti yake.

Nisalimie kaka Bakari, na shangazi Zena mshonaji, na Mwalimu wa chuo cha Kurani umwambie Salim anasoma. Mniombee dua, na huyo mama mumtie ndani ya dua hiyo hiyo.

Mimi bintiyo akupendaye,
Mwanaisha