Koti ya Kambale mu Camp ya Beni

Siku ya kwanza ya juma, 6 mwezi wa tatu

Mvua tangu asubuhi. Batoto banaingia na matope mpaka ku magoti. Dictée, imla ya français: makosa, makosa, makosa. Chaki imelowana, inaandika sawa uji. Niliwapigia kelele juu ya accent, kisha nikaona haya. Baridi njo inanifanya mubaya.

Saa ine masœur directrice, mutawa mwenye kuongoza shule yetu, alipita. Anasema siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, nipeleke darasa yangu ya tano ku Beni. Basoda ba serikali bamefungua musée mu camp yabo, nyumba ya kuonyesha bitu bya vita: bunduki, mikuki, bendera. Mashule yote itapita pale, darasa moja moja. Camion iko tayari. Amri inatoka juu.

Nilisema ndiyo, masœur. Ndani ya roho nilisema hapana. Mimi niende kuangalia bitu bya basoda ju ya nini? Bo njo banapashwa kuniangalia mimi mu macho na kuniambia baliweka ndugu yangu wapi.

Siku ya tatu, 8 mwezi wa tatu

Nilimuambia mama. Aliacha kuchambua maharagi. Alisema: usiende. Alifunika chungu, akakaa. Kisha: enda. Angalia muzuri.

Sikulala. Kila mara ile barrière ya basoda ku njia inanirudilia.

Kambale ni mudogo wangu. Alikuwa anatengeneza baiskeli hapa Butembo, karibu na soko. Wakati ya uhuru alicheza mpaka biatu bikapasuka. Wakati ya rebellion hakushika hata fimbo. Barebelle balimunyang'anya baiskeli, balikula mbuzi zetu, balienda. Kisha basoda balirudisha mji. Tukapiga vigelegele, wajinga sisi. Ile juma alipanda camion ya kwenda Kirumba kutafuta mipira ya baiskeli. Ku barrière soda aliuliza: nani hapa ni Kambale? Yeye akainua mukono. Sawa mu darasa! Balimushusha, amevaa koti yake ya kaki, yenye mufuko moja mama alishona. Benye balikuwa naye mu camion njo balituletea habari. Tangu pale, kimya.

Ningekuwa pale ningemufundisha ule soda. Ningemuambia: mukubwa, kwetu Banande jina inafuata kuzaliwa. Kijana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mumbere wetu alikufa mutoto mudogo, Kambale akabaki. Kila nyumba yenye kuzaa bijana wawili iko na Kambale. Kuuliza Kambale ku barabara ya Kirumba ni sawa kuuliza nani iko na pua. Mais ule soda balimutuma kutoka mbali sana. Hakujua, na hakuuliza.

Siku ya ine, 9 mwezi wa tatu

Masœur alinituma mbele ku Beni na camion ya mission, kupanga ziara. Nimerudi sasa. Nitaandika yote.

Musée ni magasin ya zamani, ya kuwekea mizigo. Bamepaka chokaa. Mikuki ku ukuta, bendera, radio imevunjika, masanduku ya masasi. Adjudant moja, soda mwenye cheo, njo anaichunga, mutu ya mbali, anachanganya Swahili na Lingala. Mupole. Buti zake zinang'aa. Alinionyesha kila kitu na furaha, sawa mutu ya kuonyesha ng'ombe zake.

Mu kona, koti ya kaki. Imevalishwa ku miti mbili. Mufuko ya kushoto imeshonwa. Mbele kuko kamba, hapana kupita. Na chini karatasi, ku français: Koti ya Kambale, mukubwa ya barebelle.

Nilisoma mara mbili.

Nilisema: hii koti ni ya ndugu yangu. Adjudant alinihurumia, ni kweli, sitamusingizia. Mais alisema nakosea, juu Kambale alikuwa mutu ya hatari kabisa. Leo banamuona Kirumba, kesho Musienene, kesho kutwa Kasugho mu pori. Banamukamata hapa, anatokea kule. Alikuwa na dawa, Madame. Hakuna soda alielewa.

Nilicheka. Kicheko mubaya, ilitoka yenyewe. Baliwinda mutu moja mu inchi nzima, na kila kijiji ilikuwa inabapatia Kambale wake! Nilimueleza mambo ya majina. Alitikisa kichwa sawa vile mimi natikisaka kichwa kwa mutoto mwenye hakusoma leçon. Karatasi inatoka ku bureau, anasema. Bureau haikosei.

Siku ya tano, 10 mwezi wa tatu

Mama aliuliza kitu moja tu: uligeuza ndani? Nilisema kuko kamba, mama, sikuigusa. Kisha: koti inasemaka ukweli ndani.

Nilimujibu vibaya. Nilisema nayijua koti ya ndugu yangu, niko na macho. Alirudi ku maharagi yake.

Masœur naye ananiomba nifunge kinywa kesho. Anaogopa, na iko na haki ya kuogopa. Nilimuahidi kinywa yangu. Ya batoto sikuahidi.

Siku ya posho, 11 mwezi wa tatu

Nimefanya. Mungu anisamehe ao asinisamehe, nimefanya.

Tulitoka mapema. Batoto baliimba njia yote, hata mu mawingu ya kule juu kwenye hatuonani. Balikula biazi yabo yote mbele ya kufika. Ku mulango wa camp balinyamaza. Balikuwa badogo wakati ya vita, mais benye balilala mu migomba banakumbuka harufu ya basoda.

Adjudant alitupokea muzuri. Alieleza bunduki. Bijana balifungua macho kabisa. Alieleza bendera. Tukafika mu kona. Akaanza: hii ni koti ya Kambale, mutu mubaya sana...

Nikasema, na sauti yangu ya kila asubuhi, ile ya appel, ya kuita majina: Kambale, simama mbele!

Balitoka. Mu darasa yangu Bakambale ni saba. Balijipanga ku kamba, kichwa juu, biatu byabo bya matope, na bengine bila biatu. Saba, mbele ya ile koti. Batoto bengine hawakucheka. Kwabo ni kitu ya kila siku.

Adjudant aliangalia huyu, akaangalia ule. Aliuliza: hii yote ni famille moja? Mudogo kuliko bote akajibu na heshima: hapana, mon adjudant, mimi ni wa pili kwetu, na huyu ni wa pili kwabo.

Na pale, mupishi wa camp, mutu wetu, alikuwa anapita na mafungu ya kuni. Aliona. Aliweka kuni chini. Alikuja akasimama ku mwisho ya mustari, mikono ku mapaja, sawa soda. Kambale wa munane. Hata sasa namuogopea.

Hapo nilivunja ahadi ya masœur. Nilisema: adjudant, umusimamishe ule mwenye mulikuwa munatafuta. Chagua!

Alikuwa mwekundu mu macho. Alitutosha inje, si kwa fujo. Mukono yake ilikuwa mulaini ku mugongo ya batoto, nayo nitaiandika. Tulipanda camion. Hakuna mutoto aliimba mpaka tulipita mto. Kisha baliimba bote, na nguvu, na mimi nikaimba kuliko bo.

Siku ya Mungu, 12 mwezi wa tatu

Misa. Batu bananiangalia pembeni. Bengine banasogea ku banc sawa niko na upele. Sikusogea, mimi.

Siku ya pili, 14 mwezi wa tatu

Barua ya camp imefika kwa masœur. Niko suspendue, nisifundishe mpaka amri ingine. Nimeleta fujo, nimefundisha batoto kudharau armée. Masœur alilia. Anasema niandike pardon, mistari mbili tu, mwalimu, mistari mbili.

Hapana.

Nikamuuliza nani atafundisha ya tano. Nilifuta ubao yangu mwenyewe, nikabeba sanduku ya chaki. Ni yangu, nilinunua mimi.

Mama alisema nimefanya muzuri, kisha akasema tutakula nini. Yote mbili ni kweli.

Siku ya posho, 18 mwezi wa tatu

Habari kutoka Beni, na kila dereva anaongeza chumvi yake. Mais bote banakubaliana na hii: kuko bamama ku mulango wa camp.

Batoto balisimulia kwabo. Bazazi balisimulia ku soko. Sasa banakuja. Mwenye kutoka Musienene na kitunga ya maharagi ku kichwa, mwenye kutoka Kirumba, mwenye kutoka mu pori. Banakaa chini ku majani. Sentinelle, soda wa zamu, anauliza: unataka nini? Kila moja: mimi ni mama ya Kambale. Banataka kuona koti.

Nilisikia hii nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia mpaka kamasi. Nilizania ni sisi peke yetu. Tangu vita nilizania ile shida ni yetu, ya nyumba hii, na niliichunga sawa mali.

Siku ya tatu, 22 mwezi wa tatu

Adjudant alikuja hapa kwetu. Mwenyewe, na gunia mu mukono. Majirani bote ku lupango, uzio ya miti, masikio wazi. Alitosha béret, kofia yake, ku mulango mbele ya mama. Mama alimupatia kiti. Mimi singemupatia.

Alisema commandant hataki tena bamama ku mulango, na hataki tena koti mu musée. Karatasi bameitosha. Koti ni yangu, juu nilikuwa wa kwanza kuiomba. Aliitosha mu gunia.

Mama aliichukua. Hakuangalia mufuko. Aliigeuza ndani, akapitisha kidole ku mushono, polepole, kutoka ku shingo mpaka chini. Nilikuwa nasimama pale na furaha yangu yote.

Alisema: haiko yangu.

Mama anashonaka na mukono ya kushoto. Mishono yake inalala upande yake, kila mutu hapa anaijua. Hii ilishonwa na mukono ya kuume, na uzi nene, sawa uzi ya gunia. Mama mungine njo alishona hii mufuko. Alikaa karibu na moto yake, ya kwake, akamushonea wake.

Mimi, bibi mwenye akili! Nilisimama mu Beni, nikabaambia basoda Bakambale ni bengi, na mimi nilikuwa naona moja tu. Nilimuona wangu mu nguo ya mutoto ya mutu.

Adjudant alimuambia mama: basi mutoto yako pengine iko muzima, Mama, furahi. Mama hakufurahi. Alimuambia: uchungu ya mutoto anayejua ni muzazi, kuko mama moja hajue bado, na koti ya mutoto wake iko hapa ku magoti yangu. Adjudant alivaa béret. Ku njia aligeuka akaniuliza, chini chini: hawa bote, bako wapi? Nilimuambia: weye njo wa kuniambia. Ulizia kwako. Alisema ataulizia. Sijui kama nitamuamini. Mais aliuliza, wa kwanza tangu ile barrière.

Nilitaka kufua koti. Mama alinikataza kabisa. Pengine harufu ya mwenyewe iko bado. Aliitundika ku lupango, upande ya barabara, ndani imegeuzwa inje, mishono yote ionekane.

Siku ya kwanza, 3 mwezi wa ine

Nimerudi mu darasa. Hakuna mutu alipatikana ya kufundisha ya tano, njo vile. Pardon sikuandika. Masœur alijifanya amesahau, nikajifanya nimesahau. Batoto balisimama bote wakati niliingia. Dictée: makosa, makosa.

Mupishi wa camp iko bado ku kazi. Dereva moja alimuona. Namushukuru Mungu.

Jioni mama anaingiza koti juu ya mvua. Asubuhi anaitosha. Bamama bamekuja, bengi. Banageuza mushono, banatikisa kichwa, banakunywa maji, banaenda. Kila moja anaacha jina yote ya mutoto wake, Kambale na ile ya batizo. Mama anazishika zote mu kichwa. Jioni anazisema ku rozari.

Siku ya posho, 8 mwezi wa ine

Leo mama moja kutoka Kasugho. Muzee kidogo, miguu imevimba, alitembea siku mbili. Hakuomba ruhusa. Alienda ku lupango moja kwa moja. Alishika mushono ya mufuko, kisha akaweka mukono ndani yake, akaiacha mule.

Hakulia kwa sauti. Mama alienda akasimama karibu naye. Kisha balikaa bote wawili ku majani, koti katikati yabo. Nilipika bugali na sombe, majani ya muhogo. Baliongea Kinande, mambo ya mashamba, mambo ya mvua. Alilala kwetu. Iko analala sasa, koti chini ya kichwa.

Ile karatasi ya camp bameichana. Naandika ingine hapa.

Kambale Siméon, wa Kasugho. Alikuwa analima na babake. Mama yake alimushonea mufuko.

Wetu ni Kambale Anselme. Hajarudi.