Jino la Mbele la Chini

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimesahihisha insha za wanachuo hadi adhuhuri. Damu tena kwenye mswaki. Jino la mbele la chini linacheza ulimi ukiligusa. Wiki kadhaa sijalisugua. Niliona ni busara kuukwepa ufizi unaovuja. Mkufunzi wa matamshi asiye na jino la mbele: sitaki kuwa mfano huo. Naogopa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kliniki ya meno, Chikongola. Daktari, Myao mchangamfu, amepima kina cha nafasi kati ya kila jino na ufizi. Ugonjwa wa fizi. Ameeleza kwa utaratibu: ganzi, kisha kukwangua ugaga, uchafu ulioganda kwenye meno, hadi chini ya ufizi. Uvimbe ukishuka, meno yataonekana marefu na baridi itauma. Ufizi uliokwisha kurudi nyuma haurejei. Lengo ni usizidi kurudi. Kusugua ni palepale panapotoka damu, taratibu. Nilikosea kabisa. Kuhusu jino lile, hakuahidi.

Nilipoiona sindano, niling'ang'ania kiti.

"Mmakonde mzima! Bibi yako alichongwa meno kwa patasi, wewe unakimbia ganzi?"

Utani wa jadi wa Wayao kwetu Wamakonde. Nikacheka, mdomo wazi, akachoma. Namshukuru kwa hila hiyo.

Jumapili, 12 Oktoba
Mianya kati ya meno. Maji ya mtungi yanachoma. Dada Somoe, mkubwa wangu, amekuja kutoka Mpapura na korosho za kukaanga. Amelitazama jino.

"Ling'oe, mdogo wangu. Mimi niling'oa yangu, nikapumzika."

Kisha akazitwanga korosho kinuni, zake na zangu. Nimekula unga kwa kijiko. Nimechukia.

Ijumaa, 24 Oktoba
Damu imekoma. Baridi haiumi sana. Jino bado linacheza. Dada amepiga simu, ushauri uleule. Nikavaa viatu niende kuling'oa. Nikavivua. Daktari hakuniahidi jino. Aliahidi kunipima tena. Nitangoja.

Alhamisi, 20 Novemba
Amepima. Kina kimepungua. Jino limekaza, si kama zamani, lakini limekaza. Nitahitaji kusafishwa kila baada ya miezi michache, pengine maisha yangu yote. Sharti jepesi. Alhamdulillahi. Nimemshukuru daktari kwa maneno machache kuliko niliyokusudia.

Jumapili, 23 Novemba
Dada amekuja tena. Ameuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi, kwa ajili ya meno yaliyombakia. Hakunitazama alipouliza. Nimemjibu bila kuongeza neno.

Kisha amechukua kinu. Ametwanga korosho zake. Zangu ameziacha nzima.