Kaburi la Kupaka Rangi

Machi 2

Mziwanda wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, magoti tu ndiyo yanayolalamika nikipanda ngazi za kanisa. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai?

Nina ombi. Mwaka huu nimepewa darasa la Jumapili la wadogo, wale wasiojua kusoma. Nikiwaeleza Pasaka kwa maneno matupu wanasinzia. Nataka picha za kupaka rangi: Yesu juu ya punda, karamu ya mwisho, msalaba, kaburi. Wewe unayechorea watu mabango, utashindwa kumchorea mama yako karatasi nne? Mistari iwe minene, vidole vyao bado havijatulia.

Na Pasaka yenyewe uje. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa. Nimekukumbuka.

Mama yako

Machi 13

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, na ninakula. Picha ndizo hizo. Punda amenitoa jasho na bado ametoka kama mbuzi. Waambie wampake kijivu, labda atakubali kuwa punda.

Kuja sitaweza. Kuna bango la duka la dawa linanisubiri, refu kuliko nyumba yetu. Usinifikirie vibaya.

Bintiyo

Machi 25

Marahaba, mwanangu.

Punda wako amependwa, ingawa mmoja kampaka buluu na mimi nikanyamaza. Kila mtoto nampa kalamu za rangi tatu tu, akitaka nyingine aombe kwa jirani. Darasa linakuwa soko, lakini wanajifunza kupeana. Kwenye picha ya msalaba waliigombania nyeusi mpaka ikakatika.

Sasa la kaburi. Nilitoa nakala bila miwani, nikagawa, ndipo nikaona jiwe umeliacha limefunga. Nikadhani umesahau. Halafu nikakumbuka siku ya mazishi, ulivyogeuka ukaondoka kabla hawajamaliza kufukia. Hukusahau, mwanangu. Umechora kilicho moyoni.

Kuna kasichana tunakaita Maswali. Alilipaka jiwe lote kahawia, kisha akaniuliza, "Sasa Yesu atatokaje?" Nikamwambia malaika alikuja akaliviringisha. Akaitazama karatasi yake vizuri. "Mwalimu, huyo malaika hayumo humu. Nipe mkasi." Akakata kulizunguka jiwe, akabakiza upande mmoja, akalikunja kama mlango. Wenzake nao wakataka mkasi, na mkasi ninao mmoja.

Mbele yao nilicheka. Nyumbani nililia. Hata mimi kuna siku naliona jiwe limefunga, tena mwalimu ndiye mimi. Lakini Jumapili ikifika nawagawia rangi zao, tunaendelea. Sikulazimishi kuamini chochote. Nakuomba uje tu, nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja.

Mama yako

Aprili 4

Mwanangu,

U mzima? Husemi kitu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi na magoti haya sitaki mshindo. Kama barua yangu ilikugusa penye kidonda, nisamehe.

Mama yako

Aprili 8

Mama, shikamoo.

Hukunikosea. Barua yako nimeibandika juu ya meza ya kazi, naisoma nikisubiri rangi ikauke. Ulisema kweli. Mkono ulipofika kwenye jiwe ulikataa kulisogeza, nami sikuulazimisha. Mungu nimemkasirikia, Mama, na hasira yenyewe bado haijaisha. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa ukijua utaumia, kumbe ulishajua.

Nimechora kaburi lingine. Jiwe bado limefunga, ila nimelizungushia nukta za kufuata kwa mkasi. Kulifungua mwenyewe sijaweza. Hiyo kazi namwachia Maswali na wenzake.

Mwenye duka la dawa nimemwambia bango lake lisubiri. Kwa hiyo karatasi sizitumi, nazileta mimi Jumamosi, pamoja na mikasi ya kutosha.

Darasani uniwekee nafasi kwenye mkeka karibu na Maswali. Unipe na mimi rangi tatu. Nyingine nitaomba kwa jirani.

Mziwanda wako