Kafi Lisilo na Maandishi

Kulesa,
Karibu na Garsen,
Mto Tana.
14 Septemba, 1957.

Mpendwa kaka Mahmud,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Muslima na watoto, na kile kikohozi ulichokitaja kiwe kimekuacha. Huku sisi ni wazima. Mama anakula vizuri. Macho yake sasa yanaona mwanga wa mlangoni tu, lakini ulimi haujapungua nguvu, na kila mchuzi wangu una kasoro yake. Mpunga umekubali. Mto nao ulipojaa safari hii ulikula ukingo mpaka karibu na jiko, kwa hiyo mwezi wa saba tulihama. Nyumba mpya iko juu kidogo, nyuma ya shamba la migomba.

Barua yako niliipata wiki sita zilizopita. Najua umengoja. Nimeanza jibu mara tatu nikachana karatasi, na usidhani ni kazi iliyonizuia. Ni aibu, kaka. Nivumilie nieleze tangu mwanzo.

Kuna mwalimu anatoka Ngao kila Alhamisi, Bi Susan, anatufundisha akina mama kushona na kutunza nyumba. Alituambia mtu anaweza kuishi miaka hamsini, kisha siku moja akiulizwa yeye ni nani asiwe na karatasi ya kuonyesha, kwa sababu imeliwa na mchwa. Kila nyumba, akasema, iwe na mkebe mmoja wa karatasi, na takataka zitoke. Mimi unanijua, nikishika jambo nalishika kwa meno. Na kwa vile tulikuwa tunahama, niliona ndio wakati wake.

Nikapata mkebe wa biskuti. Nikatia kipande cha kazi cha marehemu baba, kile alichopewa na serikali, kadi yangu ya hospitali, karatasi ya ndoa yangu, na barua zako zote kumi na moja, nimezipanga kwa tarehe na kuzifunga uzi mwekundu. Nilijiona karani wa D.C. Vitu vingine nikavikatia hukumu moja: chenye maandishi kikae, kisicho na maandishi kitoke. Vikatoka vikapu vilivyotoboka, mitego ya samaki iliyooza, mikeka, vibuyu. Bi Susan alipokuja akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikafurahi sana, nisikufiche.

Ukutani, juu ya kitanda cha mama, kulikuwa na kafi la baba, lile alilovushia watu mtoni. Bapa lake lilikuwa limepasuka tangu kabla hajafariki. Kwenye mpini kulikuwa na alama za kisu. Nilikua nikiziona, na siku zote nilidhani ni hesabu yake ya safari, au ya mamba aliowaona. Sikuuliza. Siku ya kuhama kuni zilikuwa zimelowa, na watu waliotusaidia walikuwa wanangoja chai. Hiribae, jirani yetu, akaomba kuni kavu. Nikampa kafi kwa mkono wangu mwenyewe.

Akaligeuzageuza, akaniuliza, "Dada, hili si la mzee?"

"Ni bovu," nikamwambia. "Tia."

Alasiri ile, kitanda kilipowekwa pahali pake, mama alilala akanyoosha mkono juu, akapapasa, akaniuliza kafi liko wapi. Nikasema, "Lipo mama, nimeliweka na vitu vingine." Wakati huo lilikuwa jivu.

Siku tisa baadaye ikaja barua yako. Uliandika kwamba shangazi Mwanasha, kabla Mungu hajamchukua, alikuambia baba alikata alama moja kwenye kafi lake kwa kila mtoto wake. Tangu shangazi akuchukue kwenda kukulea Kipini, kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto, hukuwahi kutuuliza kwa nini ulitolewa wewe. Umekuwa mtu mzima, umekwenda Mombasa, umeoa, na swali hilo hukulileta. Safari hii ukaleta mstari mmoja tu: "Nitazamie kama nimo."

Barua zako huwa namsomea mama kwa sauti. Nilipofika hapo nikanyamaza. Mama akaniuliza, "Mbona umekwama? Kaandika vibaya?" Nikamweleza yote, na la chai na la uongo. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliuliza neno moja, "Lote?" Kisha akageukia ukutani.

Kesho yake alinieleza, nami nakuandikia kama alivyosema. Baba alikuwa akikata alama siku mtoto anaposimama mwenyewe mara ya kwanza, si siku ya kuzaliwa. Wewe shangazi alikuchukua ungali unatambaa. Baba ndiye aliyekupeleka Kipini kwa mtumbwi, na kwa kafi lilo hilo. Alirudi siku ya nne, akakaa siku nyingi hasemi na mtu. Kama alikata alama huko njiani, au aliporudi, mama hajui. Hakuwahi kuzihesabu. Alisema, "Ningehesabu za nini? Nilijua nimezaa wangapi."

Nilimwomba aniruhusu nikuandikie kwamba ulikuwemo. Nilidhani ni jambo jema, nawe ungetulia. Akakataa. "Umeshanidanganya mimi," akasema. "Usimdanganye na yeye."

Kwa hiyo, kaka, jibu lako ni hili: sijui. Kulikuwa na pahali pamoja duniani palipokuwa na jibu lako, na mimi nililichemshia chai. Najuta, na sina njia ya kuliandika jambo hili likawa dogo.

Sasa kila Ijumaa nakaa na mama na daftari, ananitajia na mimi naandika: nani alizaliwa mto ulipofanya nini, nani alimpa jina, ndugu zetu wawili waliotangulia wamezikwa wapi. Jina lako ni la kwanza. Nawe niandikie ya huko, majina ya watoto na siku zao, niyatie humo. Najua nimeanza kwa kuchelewa.

Lipo jambo moja lililobaki. Nilipomwambia Hiribae habari hii alishika kichwa, akakimbia hadi jiko letu la zamani. Siku ile chai ilipoiva alikichomoa kichwa cha mpini kabla hakijashika moto chote, akakimwagia maji na kukitia chini ya mtungi usiyumbe. Kilikuwa bado papo hapo. Ni cha urefu wa kiganja, upande mmoja umeungua, na kina alama moja, imelainika kwa mkono wa baba. Tulikuwa watoto wanne. Sijui ni ya nani.

Mimi nilimpata baba mwenyewe, miaka kumi na minane. Alinibeba mtumbwini, alinifundisha kuogelea, alinichapa. Naweza kukaa bila alama. Kahindi, karani wa duka la Garsen, anakwenda Mombasa wiki hii, na namkabidhi akuletee kipande hicho ndani ya kitambaa pamoja na barua hii.

Nisalimie wifi Muslima sana, na watoto mmoja mmoja. Hiribae anakusalimu, na anaomba radhi ingawa kosa si lake. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atujalie tuonane mama akiwa hai.

Kabla sijakifunga kipande hicho, mama alikiomba. Akakishika muda mrefu, kidole gumba ndani ya alama, akienda na kurudi. Nikamuuliza, "Mama, ni ya nani?"

Akasema, "Ni ya mwanangu. Mpelekee."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyekukosea,

Tuneya binti Chande