Mbuzi wa Akika na Vifuko vya Ubuyu

Jumanne. Joto tangu asubuhi, hata jani halitikisiki, na harufu ya ndoo ya Mama Husna imetanda mtaa mzima. Naifurahia.

Najua Mungu ananiona. Naifurahia vilevile.

Kwa msioujua mtaa wetu hapa Bagamoyo: guta la taka hupita Jumanne na Jumamosi, na vijana wake hubeba taka kavu tu. Chupa za plastiki tunawawekea waokotaji. Maganda ya ndizi na mihogo kila nyumba huyatia kwenye ndoo, nami hupita asubuhi kuyachukua kwa ajili ya mbuzi wangu. Sharti langu ni moja: ganda liwe ganda, lisichanganywe na kitu. Hata watoto wa madrasa wanalijua.

Mama Husna, tunayepakana naye ukuta, anauza barafu za ubuyu. Wateja wakishanyonya, vifuko vitupu anavitupia humohumo kwenye maganda, maana kulifikia gunia la taka kavu kwake ni safari ya Maka. Nimemwambia kwa wema, nimemwambia kwa ukali. Jibu lake: "Mbuzi ana macho, da Mwaju. Atachagua."

Hakuchagua. Wiki iliyopita beberu wangu mweupe alivimba tumbo, akaanguka, akakata roho kabla shemeji yangu hajafika na kisu. Kibudu. Hata kipande cha nyama hatukukionja. Shemeji alipompasua kabla ya kumfukia, tumboni kulikuwa na bonge la vifuko vyenye wekundu wa ubuyu. Mtaa huu muuza ubuyu ni mmoja.

Nililia. Yule hakuwa mbuzi wa kuuza. Mwanangu Rehema, baada ya mimba kumharibikia mara kwa mara, amejifungua salama mtoto wa kiume, na akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili. Nilikuwa nao wawili, nimewalea kwa ajili hiyo tangu tumbo lake lilipoanza kuonekana. Sasa ninaye mmoja, na akika ni Ijumaa.

Shehe anasema asiye na uwezo hata mmoja anamtosha. Mimi uwezo nilikuwa nao.

Ndiyo maana ndoo yake siigusi. Nachukua za nyumba zote, yake naipita. Leo vijana wa guta wameichungulia, wakaziba pua, wakaenda zao. Wateja wa barafu wameanza kukatia njia ya nyuma.

Mchana kaja mlangoni. "Shoga, kulikoni? Ndoo yangu imeingia funza."

"Funza nao wana macho, Mama Husna. Watachagua."

Akacheka. Hajaelewa bado! Akauliza aje saa ngapi Ijumaa kunisaidia kupika pilau. Nikamwambia asijisumbue, sahani yake nitampelekea mwenyewe.

Rehema ananisihi nimwambie ukweli yaishe, mtoto wake asisomewe dua juu ya kinyongo. Huenda ana haki. Lakini nikimwambia mlangoni atanipa pole, na pole haichinjwi.

Vile vifuko vya tumboni mwa beberu nimeviosha kwa sabuni, nimevianika uani. Ijumaa, wateja wakishajaa barazani kwake, nitamkabidhi sahani yake imefunikwa kawa. Nitasimama hapohapo mpaka afunue.