Saa ya Kupima Moyo

Jumamosi usiku, 1993

Sikuinunua. Mwenye duka alinifunga saa ya michezo mkononi, akasema, "Mama, weka kidole hapa, itakuonyesha moyo unavyopiga." Eti mama! Na sijaolewa.

Akauliza, "Zamani ulijuaje kama unakimbia kasi kupita kiasi?"

Nikamwambia tulikuwa tunapiga stori. Mimi na rafiki yangu Atieno, kila asubuhi, kutoka mtaa wa Manyatta hadi ufuo wa Dunga. Tukishindwa kuongea, tunapunguza mwendo. Tangu aolewe, akahamia mji wa Bondo, nakimbia peke yangu.

Akanitolea nyingine ya bei nafuu. Nikakasirika bure, nikatoka.

Jioni nilikimbia nikimsimulia Atieno kwa sauti jinsi yule jamaa alivyoniita mama. Nilifika Dunga pumzi bado ninayo. Nikanyamaza kidogo, ili naye aongee.