Mkono Ulio Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta goti limepoa na umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mzima kwa jina. Mgongo unanisema kila asubuhi, mikono imekuwa magome kwa sababu ya chokaa, na kikohozi cha vumbi kimeniganda kama kupe. Shemeji hajambo? Watoto je?

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nimekwama pale ulipoandika kwamba mdogo wetu amerudi kwako, anajifungia chumbani, hali wala hasemi. Kasuku wetu hasemi! Umeniomba nimpigie simu nimtie moyo. Sikupiga. Nitakueleza sababu, ila nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kipindi chake cha televisheni tulikuwa tukikitazama huku kila Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kulia wa bweni letu. Unamjua anavyotembea taratibu mbele ya picha za kale, mikono nyuma, akieleza mchoraji alikuwa na huzuni gani siku ile. Wenzangu, watu wa zege na watu wa mabomba, walikuwa wananyamaza kama wako msibani. Siku niliyowaambia kwamba yule ni mdogo wangu tumbo moja, mmoja alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kama ni hivyo basi yeye ni mkwe wa rais. Tangu hapo wakaniita Kaka wa Televisheni. Nikipita na karai la chokaa wananisimamisha niwaeleze karai hilo lina huzuni gani.

Nilicheka nao, Dada, lakini wivu ulikuwa unanila. Wewe ulikuwepo. Utotoni, kwenye ukuta wa jikoni, mkaa ulikuwa mkononi mwangu mimi. Mimi nachora, yeye anasimama mbele ya wageni anawaelezea, na peremende anapewa yeye. Baba alipofariki ilibidi mmoja aache shule ashike mwiko wa uashi wa Baba, na mkubwa kwa wavulana nilikuwa mimi. Hakuna aliyenidhulumu. Lakini mtu anaweza asidhulumiwe na bado akaumia. Kila alipotamka neno "mchoraji" kwenye televisheni, nilikuwa naangalia mikono yangu.

Mwaka jana kampuni ilitupeleka kukarabati nyumba kuukuu ya mfanyabiashara wa mbao aliyekufa zamani, ili iwe makumbusho. Ukutani sebuleni kuna ile picha unayoijua sasa, iliyochorwa juu ya lipu yenyewe: mwanamke anamimina maji kutoka kwenye jagi. Tukiwa tumeshafanya kazi miezi mitatu, msimamizi akatangaza kwamba watu wa televisheni wanakuja, tuache kugonga kwa siku mbili.

Mdogo wetu ndiye aliyekuja. Aliponiona nashuka kwenye jukwaa la ujenzi alikuja mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita Kaka. Kisha bosi wake akamuuliza mimi ni nani, naye akajibu kwamba ni fundi wa nyumbani kwetu. Si uongo. Ni fundi, na ni wa nyumbani kwetu. Tena nilikuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi, huenda aliona ananisitiri. Lakini neno lile lilinichoma kama msumari.

Kilichofuata mmekiona nyote. Alisimama mbele ya picha akasema kwamba uso wa mwanamke yule umechorwa kwa mazoea tu, lakini mkono unaoshika jagi umechorwa na mtu aliyempenda mwenye mkono. Watu wakaja kwa makundi kuutazama. Ndipo mama mmoja mtaalamu wa picha za kale akachukua chembe ya rangi akaipima, akakuta ni rangi ya kopo, haina hata mwaka. Sasa magazeti yanasema mdogo wetu alimtuma mtu auchore ili kipindi kivume. Kipindi kimesimamishwa, na chuo anakofundisha kimemwita ajieleze.

Dada, mkono ule niliuchora mimi.

Niliagizwa kutoa lipu iliyolika kwa unyevu chini ya picha, bila kuigusa picha yenyewe. Nilikuwa nimechoka, wenzangu wamekwenda kula. Tindo ikateleza, mkono wote ukaanguka sakafuni ukawa unga. Pale mtu akiharibu kitu anafukuzwa siku hiyohiyo. Nikapiga lipu mpya, nikaining'inizia turubai mpaka ikakauka, kisha nikachora kwa rangi za makopo nilizochanganya na vumbi la tofali. Mkono wa zamani sikuukumbuka vizuri ulivyokuwa. Nikachora wako, ulivyokuwa ukitumiminia maji tulipokuwa wadogo, kidole cha mwisho kimeinuka.

Hilo pengine lingesameheka. Kabla kamera hazijawashwa, mdogo wetu aliupapasa ukuta, akakunja uso, akanivuta pembeni. Aliniuliza kama kuna mahali palipoguswa, maana mkono ule unamtia shaka. Bado nilikuwa nalisikia lile la fundi wa nyumbani kwetu. Nikamjibu kwamba hakuna, tuliukuta hivyohivyo. Akashusha pumzi, akasema kama ni Kaka anayesema, basi imetosha. Hakupima tena. Nilitaka aanguke, Dada. Kidogo tu, mbele ya watu, apate vumbi. Sikujua kwamba mtu haanguki kidogo.

Na msimamizi ameniambia kwamba chuoni walimuuliza mdogo wetu nani alimhakikishia, naye akajibu kosa ni lake peke yake. Hajanitaja.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika yote, nimetia sahihi na dole gumba, na nakala nimempa msimamizi leo asubuhi. Ameniambia kuanzia Ijumaa nisionekane tena kazini. Mpe mdogo wetu aipeleke chuoni. Itawaonyesha kwamba alikosea, lakini hakudanganya. Kwa kuwa nimeanza kusema kweli, nimalizie: nilipokuwa natia sahihi niliona raha. Niliona sasa watajua mkono ule waliousifia ni wa nani. Kwa hiyo usinisifu kwa karatasi hii. Wivu haujatoka, umebadili nguo tu.

Usiandike tena kwa anwani hii. Jumamosi napanda basi nije huko. Asipotaka kunifungulia mlango ana haki. Nitakaa kwenye ngazi mpaka atakapotaka, na wewe usimlazimishe.

Msalimie Shemeji, wabusu watoto, na goti lisikusumbue.

Ni mimi mdogo wako wa katikati,
Fundi wa nyumbani kwenu.